Mrija wa Kinga

Masika yalikuwa yamepamba moto jijini Kampala pale tangi la mafuta lilipopasuka chini ya kilima cha Naguru. Kwa hofu kwamba petroli imezama ardhini, chemchemi iliyowanywesha watu wa kambi ya polisi ikafungwa, na sampuli za maji yake zikapelekwa katika maabara moja ya Nakawa.

Zilimfikia Phelister Nangila, mkemia mzaliwa wa Bungoma aliyehamia Kampala kikazi. Alizipima kwa mashine ya kromatografia ya gesi. Tone la maji hudungwa kwa sindano, likawa mvuke, kisha gesi ikausukuma mvuke huo ndani ya mrija mrefu, mwembamba kama unywele, uliozungushwa tanurini. Kila kemikali hutoka kwa zamu yake na kuchora kilele kwenye kompyuta. Mrija huo mkuu umepakwa utando kwa ndani, na utando na maji ni paka na panya. Ndiyo maana mbele yake huungwa mrija mfupi wa kinga, ili madhara yaishie hapo.

Phelister alijua fika kwamba mirija ya kinga haifanani. Ipo ya vimiminika vya kawaida, na ipo iliyotengenezwa mahususi kustahimili maji. Ya maji ilikuwa imemwishia. Lakini kila asubuhi alikuja Alum, mjane wa askari na mpishi wa uji wa watoto wa kambini, kuuliza kama maji yako salama. Huruma ikamshinda Phelister, akaunga mrija wa kawaida.

Mwanzoni kazi ilikwenda shwari. Kisha vilele vikaanza kuburura mikia na kupandana, hata benzini, kemikali ya petroli aliyokuwa akiitafuta, isitambulikane. Phelister alihofu kwamba maji yameupenya ule wa kinga na kuufikia mrija mkuu. Mrija mkuu ulikuwa huo mmoja tu, na kupata mwingine kutoka ng'ambo kungechukua miezi. Alimwambia mwenzake, Jasper Odoch, kwamba ameiua mashine na kwamba heri ajiuzulu kabla hajafukuzwa.

Odoch, mtu wa Gulu asiye na maneno mengi, alizima tanuri.

"Madamu, tusimzike mtu kabla ya kumgusa mshipa," alisema. "Tuuondoe wa mbele, tuujaribu mkuu peke yake."

Phelister aliukata mrija wa kinga. Wakadunga mchanganyiko wa majaribio usio na maji, wakasimama mbele ya kompyuta kama washtakiwa wanaongoja hukumu. Kilele cha kwanza kikachomoza, kimenyooka kama mkuki. Cha pili kikafuata, kimejitenga vizuri. Mrija mkuu ulikuwa buheri wa afya. Wa kinga ndio uliokufa kwa niaba yake. Phelister akajitupa kitini, akacheka machozi yakimlengalenga. Habari ya kujiuzulu haikutajwa tena.

Safari hii hakukurupuka. Alimpigia simu kaka yake Sylvanus, mfanyabiashara wa Nairobi, akamweleza mrija hasa anaoutaka: wenye ukuta wa ndani unaovumilia maji, na upana unaolingana na mrija mkuu. Alum alipokuja, alimweleza ukweli.

"Mama, nilifanya pupa nikaharibu. Nivumilie kidogo."

Alum alimkazia macho, kisha uso ukalegea. "Mimi nitangoja, madamu. Mbaya ni ile jibu ya uongo."

Mrija ulifika kwa basi, ukaungwa, na kiungo kikakaguliwa kisivuje. Sampuli zikapita moja baada ya nyingine. Phelister alizirudia zote, Odoch naye akazirudia. Petroli haikuwa imeifikia chemchemi hata chembe.

Jioni Phelister alipanda Naguru mwenyewe kupeleka habari. Alum aliiweka chini sufuria aliyoishika, akafumba macho, akashusha pumzi ndefu kama aliyetuliwa mzigo.

"Basi kesho uji ni wa maji yetu," alisema kwa sauti ya chini, akamshika Phelister mkono asiuachie.

Phelister aliteremka kilima akiwa mwepesi moyoni, ameamini kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.