Pimbi na Siri ya Tumbo la Nyani

— Masikio yapo?
— Yapo!
— Midomo je?
— Imefungwa!
— Niseme nisiseme?
— Sema, bibi!

Ngojeni kwanza, mniapie. Kila mtu alambe kidole, ajiguse kooni: neno hili halitoki hapa. Hii ni siri ya mgonjwa, na mimi niliyeambiwa niliapa hivyohivyo. Nimemwambia Bi Mwanaidi tu, basi. Na wifi yake. Na wale waliokuwa kwenye foleni ya maji, maana walishatega masikio, ningefanyaje?

Haya. Hapo kale wanyama wa Kilima cha Mawe walikuwa na shule ya udaktari. Si ule udaktari wa kupasua watu, la! Huu wa zahanati: homa, kikohozi, mtoto halali. Mwalimu wao alikuwa Bi Korongo, shingo ndefu, mdomo mrefu, maneno machache. Kila asubuhi aliwaimbisha: "Msalimie mgonjwa. Msikilize mgonjwa. Mwombe ruhusa kabla hujamgusa. Siri yake usiitoe."

Wanafunzi walikuwa wengi, ila sisi tunawataka wawili. Wa kwanza Nyani, kiranja wa darasa, pande la mtu, kifua hiki! Wa pili Pimbi, mdogo vile, usipoangalia unamkalia.

Nyani alitibu hivi. Swala akiingia: "Daktari, mimi..." "Toa ulimi! Rudisha! Meza hii! Mwingine!" Kware akiingia: "Daktari, mume wangu..." "Toa ulimi! Rudisha! Meza hii! Mwingine!" Hata mgeni mmoja aliyekuja kuuliza njia ya mtoni alitoleshwa ulimi, akamezeshwa, akaondoka hajui mto uko wapi.

Sasa, pale zahanati palikuwa na chungu cha asali, dawa ya kikohozi cha watoto. Kiliwekwa nyuma ya pazia, wanakolazwa wagonjwa kupimwa. Ajabu, asali ikawa inapungua. Watoto wanakohoa koho! koho! koho! Mama zao wanarudi mikono mitupu. Nani mwizi? Asubuhi moja wakakuta asali imepakwa mlangoni kwa Pimbi.

"Si mnaona wenyewe?" Nyani akapaza sauti. "Kenyewe kadogo, lakini tumbo lake! Afukuzwe!"

"Afukuzwe! Afukuzwe!"

Maskini Pimbi, machozi tiriri. Kwao hajasoma mtu, na mama yake alishatangaza kilima kizima kwamba anamlea daktari. Angerudi na uso gani?

Bi Korongo akanyoosha shingo. "Leo ni siku ya mtihani. Afanye kwanza. Akishindwa, aende zake."

"Mimi ndiye niwe mgonjwa wake!" Nyani akadakia. "Akijua naumwa nini, abaki." Akawakonyeza wenzake. "Simwambii kitu. Bubu!"

Wote wakakaa chini kutazama. Nyani akaketi, mdomo kaukaza.

"Shikamoo, kaka," akasema Pimbi.

Shikamoo utaiachaje hewani? "Marahaba."

"Habari za nyumbani?"

"Njema."

"Watoto?"

"Wazima."

"Umeamkaje?"

"Aa, kuamka! Kwani nimelala?"

"Enhe?" akasema Pimbi, akanyamaza. Akatulia tuli, anamtazama tu.

Nyani akajikuna. Akakohoa. Kimya kikamuwasha kuliko kiroboto. "Mama mkwe yupo kwangu," akasema. "Anakoroma! Krrr-fyuu! Krrr-fyuu!"

"Pole, kaka. Na jingine?"

"Mke wangu anamtetea."

"Pole. Na jingine?"

"Hakuna jingine!" Nyani akainuka, kifua mbele, akaenda zake. Alipofika mlangoni akasimama. Akageuka. Akarudi polepole, akainama kwenye sikio la Pimbi, psi-psi-psi-psi. Pimbi akatikisa kichwa. Psi-psi-psi. Pimbi akashika mdomo.

"Haya," akasema Bi Korongo, "mgonjwa wako anaumwa nini?"

"Nimejua, mwalimu. Ila siwezi kusema. Ni siri yake."

"Hajui!" Nyani akaruka juu. "Hajui huyo! Afukuzwe!"

"Afukuzwe! Afukuzwe!"

"Bado sijampima," akasema Pimbi kwa upole. "Kaka, nakuomba ukajilaze nyuma ya pazia. Nanawa mikono, nakuja."

Nyani akaingia, anacheka. Pimbi akanawa. Chubwi, chubwi. Akanawa kidole gumba. Chubwi, chubwi. Akanawa na kiwiko, kiwiko kina nini? Chubwi, chubwi.

Mara nyuma ya pazia: mlam! mlam! chwap!

Masikio yote yakasimama. Mlam! mlam! chwap!

Bi Korongo akarukia pazia, Pimbi akamzuia. "Hapana, mwalimu! Pazia la mgonjwa halifunguliwi bila ruhusa yake. Si wewe uliyetufundisha?" Kisha akaita kwa sauti tamu, kama jirani aliyekuja kuomba chumvi:

"Hodiii!"

Na wewe unajua, mtu aliyelelewa akisikia hodi, mdomo unajibu kabla ya akili.

"Karibuuuu!" akajibu Nyani, mdomo umejaa.

Waa! Pazia likafunguka. Nyani huyo, kakumbatia chungu, mkono umezama hadi kwapani, asali inamtiririka kidevuni, nzi wawili puani. Swala anaona, Kware anaona, mama za watoto wote wanaona.

"Nilikuwa... naipima kama imeiva," akasema Nyani.

"Mimi sijasema kitu," akasema Pimbi.

Basi, funzo: salamu ni balaa. Ukiona daktari anakuuliza habari za watoto wako, okota viatu vyako ukimbie. Daktari mzuri ni yule asiyekutazama hata usoni.

Hadithi yangu imefika kwao, nami nimeirudishia mlango. Atakayechungulia, shauri yake.