Inveta Isiyovuma

Mtu mmoja kule Tukuyu alikuwa na mayai mia tatu ndani ya mashine ya kutotolesha vifaranga, na inveta ya sola iliyokuwa ikiungua kila wiki. Jina lake Mzee Mwaipaja. Zilibaki siku tatu tu mayai yaanguliwe, na akina mama wa kanisani walishaambiwa waje Jumamosi na matenga yao kuchukua vifaranga.

Fundi wake alikuwa shemeji yake, Ambakisye, mtu wa experience: inveta sita zilikuwa zimemfia mkononi. Inveta ikipata moto, anafunga feni. Ikizidi, feni ya pili. Ya tatu ikawa ya kupoza zile mbili. Banda likavuma kama kinu cha kusaga, feni zikala umeme mwingi kuliko mashine ya mayai, na Mzee akatembea kifua mbele: hapo kazi inafanyika, bwana!

Jirani kulikuwa na binti, Tusekile, mwenye digrii ya umeme na miaka minne ya kukaa nyumbani. Mzee alishamkatalia kazi mara mbili: no experience. Lakini inveta ya saba ilipotoa moshi, akamwachia ajaribu. Binti akachungulia ndani. Swichi zilikuwa zinageuzwa huku volti zimezilalia kwa uzito wote, maelfu ya mara kwa sekunde, na kila kugeuzwa ni kuungua.

“Baba, hapa dawa si kupoza,” akasema. “Ni kuacha kuchoma.”

Akabadilisha swichi zilizoungua, akaongeza koili ndogo na kapasita, akaipanga saketi upya ili volti zishuke hadi sifuri kwanza, ndipo swichi igeuke. Feni zote akazing'oa. Akaenda zake kula.

Mzee akaingia bandani. Kimya. Akaigusa inveta: baridi. Taa ya mashine ya mayai ilikuwa inawaka vizuri tu, lakini nani alikuwa na muda wa kutazama taa?

“Digrii imeniulia mayai!” akapiga kelele, na Ambakisye akaja mbio. Koili ikatupwa nje, feni zikarudi, na ya nne juu yake. Banda likavuma tena. Mzee akashusha pumzi.

Alasiri moshi ukatoka. Jumamosi akina mama wakarudi makwao na matenga matupu, na Ambakisye akawaeleza kitaalamu kwamba feni zilikuwa chache.

Nanyi mnaobandika matangazo ya kazi, must have five years: mtu asiyetoa moshi, mtamjuaje kwamba yuko kazini?