Nani Amewahi Kuingia kwa Mzee Rugaiza?

Hii nimetumiwa na wifi yangu, naye hajui imeanzia kwa nani. Niliisoma nimesimama, nikajikuta nimekaa. Naituma kama ilivyo, msome mpaka chini.

Palikuwa na mzee mmoja mstaafu, Mzee Evodi Rugaiza, enzi zake mpima ardhi wa serikali. Nusu ya viwanja vya mji ule alivipima yeye, akavichomekea vigingi na kuvipa namba. Majirani wakigombania mpaka, walikuwa wanaambiwa wakamtafute Rugaiza.

Mzee huyu alikuwa na ndoto moja. Ujanani alipelekwa masomoni nchi ya mbali, akakuta watu wanaishi ukuta kwa ukuta na hakuna anayemgongea mwenzake mlango. Jambo lile lilimpendeza mno. Akasema akistaafu atarudi kule akazeeke kwa utulivu, maana huku kwetu mtu hamalizi hata kunywa chai bila hodi. Mke wake alikwishatangulia mbele ya haki, na watoto hawakujaliwa kupata. Basi aliposikia nchi ile inatoa viza kwa wastaafu wa nje wenye pensheni yao, akaomba.

Alikusanya kila kilichotakiwa, kuanzia cheti cha kuzaliwa mpaka vipimo vya daktari. Kikabaki kitu kimoja, tena alikiona kidogo: uthibitisho wa mahali anapoishi. Ubalozi ulimpa miadi ya Jumatatu. Akifika bila uthibitisho huo, ombi linafutwa na anaanza upya, na umri wake haukuwa tena wa kuanza upya kitu chochote.

Mzee alicheka peke yake. Mtu aliyegawia mji mzima anwani akose ya kwake? Akapeleka hati ya kiwanja. Ikarudishwa, akaambiwa hati inaonyesha kiwanja ni cha nani, haionyeshi nani analala humo. Akatafuta bili ya umeme. Umeme siku hizi tunanunua kwa simu, unapewa tarakimu, unabonyeza kwenye mita, basi. Mita yenyewe ilikuwa bado na jina la mtu aliyemuuzia nyumba. Bili ya maji nayo ilikuwa inamjia kwa ujumbe wa simu. Wakamwambia aende serikali ya mtaa akaandikiwe barua ya makazi.

Ijumaa asubuhi akaingia ofisi ya mtaa kwa mara ya kwanza tangu ijengwe. Kamati ya misiba ilikuwa na kikao chake siku hiyo, mabenchi yamejaa watu. Mwenyekiti wa mtaa, Mama Lugendo, alimpokea kwa heshima.

"Shikamoo, mzee wangu. Karibu. Mgeni wetu unatokea wapi?"

Mzee alidhani anataniwa. "Marahaba. Mimi si mgeni. Nakaa pale kona, nyumba yenye geti la kijani."

"Ile yenye ukuta mrefu?"

"Hiyo hiyo."

Watu wakageuka kumtazama. Mama Lugendo akamwita mjumbe wa eneo lile, Bwana Mkude, ambaye kazi yake ni kujua nani anaishi nyumba ipi. Akamuuliza kama anamfahamu mzee huyu.

Mkude alimwangalia usoni, akamwangalia tena. "Kwa uso, mwenyekiti, nisiseme uongo. Mimi ninachokifahamu pale ni mkono. Tukipitisha mchango wa msiba tunagonga geti, tundu linafunguliwa, mkono unatoka na pesa, mkono unarudi ndani. Haujawahi kukosa hata msiba mmoja. Sisi mtaani tunamwita Mkono."

Mabenchi yote yakaangua kicheko. Mzee Rugaiza hakucheka. Kwa miaka yote ile alijihesabu mtu mwema kwa sababu ya michango hiyo, na alidhani mtaa unamjua kama Mhandisi, au angalau Mzee wa Ardhi.

"Basi mkono wenyewe ndio huu," akasema, akaunyoosha. "Uangalie."

Mkude akauangalia kwa makini, maana ni mtu wa haki. "Mikono ya wazee inafanana, mzee wangu."

Mama Lugendo akamvutia kiti. "Usione tunakunyanyasa, baba. Kuna bwana alikuja hapa na funguo mkononi, akatupeleka mpaka ndani, tukamwandikia barua. Kumbe nyumba si yake wala haishi humo. Yakatukuta makubwa. Tangu hapo mtaa ulikubaliana kwamba barua haitoki mpaka apatikane mkazi mmoja aliyewahi kuingia ndani kwako zamani, aseme kuna nini. Mmoja tu. Aliyekuja kukujulia hali, aliyeomba maji ya kunywa, yeyote."

Mmoja tu. Mzee alianza kutafuta jina kichwani kama mtu anayepapasa mifuko akitafuta funguo. Nyumba ile alihamia baada ya msiba wa mke wake, kwa hiyo hata wageni wa marehemu hawakuwahi kufika. Kupika alipika mwenyewe, kufua alifua mwenyewe. Bomba lilipopasuka alileta fundi kutoka mji mwingine, kwa sababu hakutaka mtu wa mtaani ajue vyumba vyake vimekaaje. Alitafuta mpaka akaishiwa. Ilimshtua kuliko kicheko cha mabenchi.

Mama Lugendo akawageukia watu. "Jamani, kuna yeyote hapa amewahi kuingia kwa mzee huyu?"

Mmoja akakohoa. Mwingine akaangalia dirishani. Mzee akaiona Jumatatu inapita mbele ya macho yake bila barua.

Ndipo akasimama Bwana Hiza, mweka hazina wa kamati ya misiba. Huyu ni mtu wa makamo, mpole, mtu ambaye mtaa mzima unamwachia fedha za rambirambi na hakuna anayeuliza risiti. Nyumba yake na ya mzee zinatenganishwa na ukuta ule.

"Mimi nimewahi kuingia," akasema.

Mzee Rugaiza alimtazama na hakumkumbuka kabisa. Lakini alishukuru moyoni, akadhani jirani ameamua kumsitiri kwa uongo mdogo.

"Haya, kuna nini ndani?" akauliza mwenyekiti, kalamu tayari.

"Sebuleni kuna makochi ya mbao, mito yake bado ina nailoni ya dukani. Ukutani kuna picha ya mama mmoja kavaa gauni la harusi, kasimama mwenyewe. Meza ya chakula ina kiti kimoja. Jiko liko mkono wa kushoto, na sukari inakaa kabati la juu, kwenye kopo la maziwa."

Kila neno lilikuwa kweli. Mzee akamgeukia. "Wewe uliingia lini kwangu?"

Hiza akashusha pumzi. "Mwaka ule ulipoibiwa redio."

Kalamu ya Mama Lugendo ilianguka, na hakuna aliyeinama kuiokota. Bwana Mkude alishika kichwa. Mke wa Hiza, aliyekuwa benchi la nyuma, akajifunika uso kwa kanga.

"Sikuwa na kazi, nyumbani kwangu moto ulikuwa hauwaki," Hiza akaendelea. "Nikaruka ukuta Jumapili asubuhi, nikijua uko kanisani. Hukuwa kanisani. Nilikukuta umeanguka jikoni, jasho linakutoka kama maji, unaongea maneno hayaeleweki. Mama yangu alikuwa na ugonjwa wa sukari, nikajua yako imeshuka. Nikafungua makabati mpaka nikapata kopo, nikawa nakupaka sukari kwenye ufizi, kidogo kidogo."

Mzee Rugaiza alishika ukingo wa meza. Asubuhi ile aliikumbuka vizuri. Aliamka sakafuni na mdomo umejaa utamu, akaamini alijiwahi mwenyewe kwa kulamba sukari kabla ya kuanguka. Daktari alimsifu, naye akajisifu. Miaka yote amekuwa akisema kwamba mtu mwenye akili hahitaji wa kumtazama. Kisha alipoona redio haipo, akaita mafundi wakaongeza ukuta na kupanda chupa juu yake.

"Ulikaa pale muda gani?" akauliza. Alikuwa amekusudia kusema neno polisi, likatoka hilo.

"Mpaka ulipoitika. Jina lako sikulijua, nilikuwa nakuita Mkono, Mkono. Ulipofumbua macho nikaogopa, nikaondoka."

"Na redio?" Mama Lugendo akauliza.

"Redio nilichukua. Ndiyo niliyokuwa nimeijia."

Hakuna aliyecheka. Hiza akatoa mfukoni funguo za sanduku la kamati, akaziweka mezani. "Ningeweza kunyamaza leo, mwenyekiti. Lakini mzee anatafuta mtu mmoja aliyeingia kwake, na mtu mwenyewe ni mimi. Nimeona vibaya aambiwe hana kwao."

Mama Lugendo alimgeukia mzee, na sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Baba, mtaa huu hauna shahidi mwingine wako. Ukimkubali, naandika. Ukitaka kumshtaki, nitakusindikiza kituoni mwenyewe. Sema wewe."

Mzee alikaa. Alikuwa na hasira, tena nyingi, na kando ya hasira palikuwa na kitu kingine ambacho hakukizoea. Hakusema amesamehe. Alisema tu, "Andika."

Jumatatu alikuwa ubalozini, amevaa suti yake ya kustaafia. Dada wa dirishani, Mtanzania mwenzetu, akaisoma barua. "Shahidi wako ni jirani. Ngoja nimpigie kuhakikisha." Akapiga, akaiweka simu kwenye spika.

"Bwana Hiza, unamfahamu Mzee Evodi Rugaiza?"

"Namfahamu."

"Umewahi kuingia nyumbani kwake?"

"Mara moja."

"Alikualika?"

"Hapana. Hakunialika."

Dada akainua nyusi, lakini akaendelea. "Kuna jambo lolote kuhusu mzee ambalo tunapaswa kulijua?"

Mzee Rugaiza akasogea karibu na simu. Neno moja baya kutoka kwa mtu yule, na safari imekwisha. Na mtu yule alikuwa amepoteza heshima yake mtaani kwa ajili ya barua ile.

"Ni mtu mzuri, hana deni la mtaa," Hiza akasema. "Naomba jambo moja tu, dada yangu. Huko mnakompeleka, kama mna utaratibu, mumpe nyumba ambayo kuna mtu wa kuingia. Yeye huwa hafungui. Na siku akianguka, mimi sitakuwepo."

Dada alicheka kidogo, akamshukuru, akakata simu. Akagonga muhuri, akasukuma pasipoti chini ya kioo. "Hongera, mzee. Umepata. Utapapenda kule, pametulia sana. Mwaka unakwisha hujasikia mtu anabisha hodi."

Ni maneno yale yale aliyoyangoja tangu ujana wake. Mzee Rugaiza aliyasikia, akashtuka kuona yanamtisha. Dada akamwita mtu anayefuata, akamwita mara ya pili, na mzee alikuwa bado ameshikilia dirisha, pasipoti haijaguswa.

Funzo: Usijifungie mahali miaka na miaka, hata ikafika siku mtu pekee anayeweza kuapa kwamba unaishi pale akawa ni mwizi wako.