Matone Matatu Chini ya Bafu la Bi Mwanashaha

Hapo zamani, lakini zamani ya karibu, maana mafundi walikwisha kujua kujenga bafu juu ya povu, palikuwa na bibi aitwaye Mwanashaha. Mpo? Basi sogeeni, kwani mwishoni nitawauliza, na sitamnong'oneza mtu jibu.

Bi Mwanashaha alikaa ghorofani, katika nyumba kongwe ya mawe yenye sakafu ya boriti. Boriti za zamani hazitaki mzigo. Kwa hiyo Fundi Kombo alipomjengea bafu hakumwaga zege. Alilaza bamba la povu gumu, jepesi kama lile linalofungiwa televisheni mpya, akalivika kitambaa cha kuzuia maji, akapanga vigae vidogo vya buluu, akajaza saruji laini kwenye viungo. Bafu likang'aa!

Mwaka haujaisha, viungo vikapasuka. Vigae vikacheza kama meno ya mtoto. Maji yakashuka kwa Mize, mshona nguo aliyekaa chini. Siku ya Jumanne Sefu, mwana wa bibi, akaja akaiona dari.

"Mama, boriti zinaoza. Ijumaa nakuja na gari. Likidondoka hata tone moja, unahamia kwangu."

"Nyumba hii niliingia bi harusi, Sefu. Nitatoka kwa jeneza."

"Ndilo hilo ninaloliogopa, mama."

Sefu akaenda zake. Bi Mwanashaha akamwita fundi. "Kombo, mwanangu, ulinijengea bafu au kifumbu cha kuchujia tui?"

Kombo akashika nyundo abomoe bafu zima. Abomoe! Na Ijumaa ile pale! Mara Mize akapanda ngazi mbio, uzi bado shingoni.

"Acha, kaka! Nimetega bakuli. Maji yanaanguka mahali patatu tu, kama mafiga. Bibi, unaoga umesimama au umekaa?"

"Kwa magoti haya? Nakaa kigodani."

Wote wakakitazama kigoda. Miguu mitatu! Kombo akang'oa vigae pale pale, na kweli: povu lilikuwa na mashimo matatu, kama unga uliokandwa ukabonyezwa kwa kidole, na kitambaa kimetoboka. Fundi akakaa chini.

"Kosa ni langu, Bi Mkubwa. Povu linataka vigae vipana, vinavyogawana uzito. Nilijua. Ila wewe ulivipenda hivi vidogo, na mimi nikaona haya kukukatalia."

Kombo akafanya kazi. Akakata povu lililobonyea, akachomeka jipya, akabandika kitambaa, akapanga vigae vipana, akashindilia viungo. Siku mbili yuko magotini, na ujira akakataa.

Lakini kigoda je? Kikirudi, kitatoboa tena. Kisiporudi, bibi hawezi kuoga. Akaitwa Faki seremala. Kigoda kile alikichonga marehemu baba yake Faki, na duniani hakikubaki kitu kingine cha mkono wa mzee yule. Faki akakipapasa. Kisha akachukua msumeno akakata miguu yote mitatu, akakikaza kiti ukutani kwa vyuma, uzito ubebwe na mawe. Miguu akaifunga kwenye kilemba chake, akaiweka kifuani.

Ijumaa! Gari la Sefu mlangoni! Kombo akaziba tundu la bafu, akajaza maji hadi ukingoni. Chini kwa Mize wakajipanga wote, vichwa juu. Wakangoja. Shingo zikauma. Ikaadhiniwa alasiri. Sefu akapanda kiti cha cherehani, akapitisha kiganja darini.

"Pakavu!" akasema. "Mama, pakavu!"

Vigelegele! Bi Mwanashaha akalia, akacheka, akaomba msumari. Wakapanda bafuni. Ukutani, juu ya kiti cha Faki, Kombo alikuwa ameacha saruji mbichi, upana wa kigae kimoja.

"Hapa naandika jina la aliyenibakiza nyumbani kwangu. Nilisome kila nikikaa kuoga."

"Yaandike yote matatu," Sefu akasema.

"Yakiwa madogo siyaoni. Moja."

Mize akasema, "Bila macho yangu, Kombo angekuwa bado anabomoa."

Kombo akasema, "Macho hayazibi maji, dada. Na matone hayo uliyajua lini?"

Mize akainama. "Tangu mwezi wa mfungo. Nilinyamaza. Nilijua Sefu akisikia atamchukua, na mimi nyumba hii bila Bibi siiwezi."

"Na wewe, Kombo, ulinyamaza juu ya vigae," Faki akasema. "Ungeziba leo, kesho kigoda kingetoboa. Mimi nimekata mkono wa baba yangu."

"Na bafu lingevuja, kiti hicho kingefaa nini?" Kombo akajibu. "Wewe ulitoa kilichokuuma. Mimi nilitengeneza nilichokiharibu. Kipi kizito?"

Saruji inakauka, jamani! Msumari uko mkononi, na bibi amewageukia ninyi.

Je, aandike jina la nani?