Karibu ya Bwana Mbaruku

Bwana Mbaruku, mwenye nyumba aliyejifanya mwalimu wa adabu, alikula barazani makusudi ili mtaa mzima usikie anavyosema "Karibu!" Siku moja mpangaji wake Mize, mpasua kokoto, akamjibu kama watu wote: "Ahsante, nimeshiba."

"Unakataa chakula cha mkubwa wako? Huna adabu! Lete jogoo wako, au uhame."

Mize akainamisha kichwa. "Nimekosa, Bwana. Nifundishe. Anayekaribishwa afanyeje?"

"Anawe, akae, ale!"

"Na anayekula akiona watu wanapita?"

"Awakaribishe wote, hata wakiwa mia. Asiyekaribisha ni mnyama."

Ijumaa yule jogoo alikuwa juu ya sinia la pilau, na kadhi mwenyewe ndiye mgeni. Mara akatokea Mize na wapasua kokoto wenzake kumi na sita, vumbi mpaka kwenye kope, hawajala tangu alfajiri.

"Shikamoo, Bwana!" wakamwamkia kwa pamoja.

Bwana Mbaruku akalitazama sinia. Kadhi akamtazama Bwana Mbaruku.

"Karibuni," akasema mwenye nyumba, kwa sauti ya mgonjwa.

Mize akainua mikono iliyokuwa ikichuruzika maji, na wenzake wote wakainua yao.

"Ahsante, Bwana. Tumeshanawa."