Kwa Nini Muuza Kahawa Hugonganisha Vikombe

Nilikuwepo. Nasema mapema, asije mtu akanikatiza katikati akiniuliza nimesoma wapi. Sikusoma popote, shule niliiacha darasa la sita, lakini macho hayahitaji cheti, na haya yangu yaliona kila kitu toka mwanzo mpaka mwisho. Umri wangu msiuhesabu. Nakasirika nikihesabiwa, na leo nimekwisha kasirika, maana jana nimemsikia mwalimu mzima akiwaambia watoto kwamba muuza kahawa hugonganisha vikombe ili kuita wateja. Kuita wateja! Sasa harufu ya kahawa ina kazi gani?

Zamani kahawa ilitembea kimya. Katika mji wa Shungwi muuza kahawa alipita na dele lake la shaba mkono mmoja na vikombe mkono mwingine, akamimina, akapokea kikombe kitupu, akaenda zake, na hukusikia ila nyayo. Wenye kelele walikuwa wateja. Kila alasiri waungwana walikaa kwenye baraza ya mawe mbele ya nyumba ya Mwinyi Hatibu wakazungumza mambo ya utawala. Na baraza ile ilikuwa na kanuni yake: mwenye neno ni aliyekaa. Aliyesimama alikuwa ama mpita njia ama mtumishi, na hao hawakuulizwa kitu.

Mwinyi Hatibu alikuwa amefika Ulaya, enzi zile wakubwa wa huko walipovaa nywele za bandia zilizonyunyiziwa unga, wakashinda mikahawani wakibishana ni nani aliyewapa wafalme ufalme. Alirudi na nywele hizo na mabishano hayo. Nywele alizivaa katika jua letu lile lile la Shungwi. Jasho likateremka, unga ukawa uji masikioni, nzi wakafurahi. Lakini mabishano, lo, yalikuwa matamu! Alisema binadamu wote huzaliwa huru. Alisema mtawala ni mtu aliyekubaliwa na watu kwa mapatano, na akiyavunja wana haki ya kumwambia ashuke. Alisema mkono unaotunga sheria usiwe ndio unaohukumu, na unaohukumu usiwe ndio unaoshika fimbo. Watu walisikiliza mpaka kahawa ikawapoea vikombeni.

Siku hizo mji ulikuwa wa Jumbe Kibwana, aliyedai amekabidhiwa Shungwi na Mungu mwenyewe, na kwa hiyo akimtaka kijana wa mtu akalime shamba lake, humchukua tu, kama unavyochukua jembe ukutani. Basi waungwana wa baraza wakamwendea. Mimi nilikuwa mbele kabisa, wa kwanza kubisha hodi. Jumbe alinuna, akazunguka chumba, akatazama umati uliojaa uani kwake, kisha akakubali mapatano: kuanzia siku hiyo hakuna mtu wa Shungwi atakayetolewa kwake akamtumikie mwingine pasipo ridhaa yake. Ngoma zilipigwa. Kahawa ilinywewa bure. Na aliyeimimina ni Feruzi.

Feruzi alikuwa mtumwa wa Mwinyi Hatibu. Ndiyo, mmesikia vizuri. Dele lilikuwa la Mwinyi Hatibu, vikombe vya Mwinyi Hatibu, na mmiminaji wa Mwinyi Hatibu. Feruzi alikuwa na mke, Tausi, mpishi wa nyumba ile ile. Katika dunia nzima hakuwa na kingine.

Haukupita mwezi, mpwa wa Mwinyi Hatibu akaposwa mji wa mbali, na mjomba akatangaza pale barazani zawadi atakazompa: mikeka, masinia ya shaba, na Tausi. Alivitaja hivyo, kwa mpango huo huo, halafu akaendelea na habari ya haki. Feruzi alikuwa anamimina.

"Bwana," akasema, dele limeinama bado, "Tausi ameulizwa?"

"Ameulizwa nini?"

"Ridhaa yake. Si ndiyo mliyompelekea Jumbe?"

Mzee Sadala, aliyekaa pembeni, akacheka mpaka akapaliwa. "Jamani, Feruzi naye! Kesho ataomba avikwe nywele!"

"Feruzi," akasema Mwinyi Hatibu, kwa ule upole wa kumfundisha mtoto kuvaa viatu, "yale ni mapatano ya watu wa mji."

"Na mimi ni wa wapi, Bwana?"

"Wewe ni wa nyumbani. Tena umesimama, na kanuni unaijua. Mimina, inapoa."

"Basi nikae?"

"Ukikaa, nani atamimina?"

Wakacheka wote. Mimi sikucheka. Mimi nilishika kofia yangu nikaiuma, na alama za meno zipo hadi leo, anayetaka aje nimwonyeshe. Kumbe mtu anaweza kuvuka bahari kwenda kuutafuta uhuru, akaubeba mpaka nyumbani, halafu mlangoni akamwambia anayempokea mizigo kwamba huu si wako!

Kesho yake Mwinyi Hatibu alijiweka sawa, akasafisha koo. "Ndugu zangu, uhuru..."

Cheng! Cheng!

"Nini hicho?"

"Vikombe, Bwana," akasema Feruzi.

"Vina nini?"

"Kanuni imekataza maneno, Bwana. Vikombe haikuvitaja."

Mwinyi Hatibu akaanza upya. Alipofika kwenye haki, cheng! Kwenye ridhaa, cheng! cheng! Akamnyang'anya Feruzi vikombe. Kahawa ikakosekana, na bila kahawa mazungumzo yakafa, kila mtu anapiga miayo. Akaletwa mmiminaji mwingine. Naye, neno uhuru halijamaliza kutoka, cheng! Ikawa barazani kwa Sadala cheng, sokoni cheng, kila penye dele na aliyesimama. Jumbe Kibwana alipopata habari alicheka kilemba kikamwanguka, akatuma salamu: "Mwambieni Mwinyi nami mlinishinda hivi hivi, kwa kelele."

Siku ya safari ilifika. Tausi alitolewa nje na kifurushi chake, macho makavu, midomo imebanwa. Wamiminaji wote wa mji walikuwa wamesimama njiani, kimya, vikombe mikononi. Mwinyi Hatibu akatoka kutoa hotuba ya kuaga, maana hakujua kufanya jambo bila hotuba. "Kwa hiari yangu..." Cheng! "Kwa haki niliyo nayo..." Njia nzima ililia. Alijaribu tena na tena, na sentensi haikufika mwisho. Hapo akavua zile nywele, akainamisha kichwa kwa aibu, chozi likamtoka, akasema, "Tausi, rudi ndani."

Tausi akarudi. Feruzi alikaa chini pale pale mavumbini na dele lake, na hakuna aliyethubutu kumwambia mimina.

Basi toka siku ile hutamwona muuza kahawa akipita kimya penye watu waliokaa. Wakianza kusema habari za uhuru, anagonga, na wao wanadhani anawaita. Anawauliza. Na mtazameni vizuri: bado amesimama, kiti hajapewa.

Sasa, kwa kuwa mimi ni mtu mkweli, nikiri kwamba kuna kitu kimoja nimekitia mwenyewe. Mtadhani ni zile nywele. Nywele ni kweli tupu, nilizigusa. Niliyoitunga ni ile aibu. Mwinyi Hatibu hakuinamisha kichwa, wala hakutoa chozi. Alimrudisha Tausi kwa sababu alichoka na kelele.