Ubao wa Fundi Senkondo

Usiusifu ubao, hujakaa upande wa pili.

Maneno hayo mmeyasikia jana kwa shangazi yenu, alipomkatiza yule kijana aliyekuwa akisifu mpango mpya wa soko. Kijana alisifu kwa sababu meza yake imewekwa mlangoni. Waliopelekwa nyuma, kwenye tope, hawakuulizwa. Nyinyi mkacheka, kisha mkanijia kuuliza ni ubao gani huo, wa darasani au wa kitanda. Si wa darasani wala wa kitanda. Kaeni, na wewe weka simu chini. Ubao huo niliucheza mimi kwa mikono hii, na fundi aliyeutengeneza alikuwa baba yangu mzazi. Methali yenyewe ilianza hivi.

Kijiji chetu, huko milimani Upare, kilikuwa na vitongoji viwili, Mlimani na Bondeni, na maji ya kumwagilia yalikuwa mamoja. Yalitoka kwenye ndiva, yaani bwawa dogo la mawe na udongo linalojazwa na mfereji usiku kucha, kisha hufunguliwa asubuhi. Kila wiki kitongoji kimoja kilitangulia kufungua na kingine kilifuata. Waliotangulia walimwagilia wakatosheka. Waliofuata walipata yaliyobaki, na mwaka wa jua kali yaliyobaki yalikuwa matope.

Nani atangulie? Hapo ndipo palipokuwa na ugomvi. Kura zilijaribiwa zikazua maneno zaidi, kwa maana kila aliyeshindwa alisema karatasi zilikunjwa kwa hila. Mwaka mmoja watu walipigana kwa majembe palepale kwenye mlango wa ndiva, na shemeji yangu akapoteza vidole viwili. Baada ya siku hiyo wazee wakamwendea baba yangu, Fundi Senkondo, seremala wa Bondeni, wakamwambia: "Tutengenezee kitu kitakachoamua bila damu na bila bahati."

Baba aliifikiria kazi hiyo siku nyingi. Alikuwa akisema kwamba mchezo wa bahati humwacha mtu na kinyongo, lakini mchezo wa mkono humwacha na hamu ya kujifunza. Kwanza alichonga ubao wenye mfereji mmoja katikati. Ukawa rahisi mno, hata mlevi angeweza. Akachonga wa pili wenye vishimo ishirini; ukawa wa kubahatisha tu. Wa tatu ndio uliomridhisha. Ulikuwa ubao mrefu wa mti wa mkulo, wenye kingo pande zote, umewekwa juu ya miguu kama meza. Katikati, kwa mstari mmoja unaokatiza upana wa ubao, palikuwa na vishimo vitano vya kina kifupi. Wachezaji wawili walikaa kwenye ncha mbili, wakitazamana. Kila mmoja alisukuma kwa kidole gololi sita za chuma, zilizotolewa kwenye beringi za mashine kuukuu ya mkonge. Gololi iliyotulia kwenye kishimo cha kati ilikuwa na alama tatu, na ya pembeni alama moja. Ukisukuma kwa nguvu inapita, ukisukuma kwa woga inaishia njiani. Ulikuwa mchezo mzuri. Hata leo sioni aibu kuusifia hapo.

Baba aliupima kwa pima maji, akaupiga msasa mpaka ukang'aa, kisha akaujaribu wiki tatu mfululizo. Lakini karakana yake ilikuwa nyembamba, na ncha moja ya ubao iligusa ukuta. Mguu wake wa kulia ulikuwa na maumivu ya siku nyingi, naye hakupenda kuhangaika kusogeza vitu vizito. Basi alichonga akiwa amesimama ncha ileile, na alijaribu akiwa amekaa ncha ileile. Hakuna aliyeliona hilo kuwa jambo.

Ubao ulipelekwa kwenye banda la mikutano, kando ya ndiva. Na mnajua watu wetu. Kwenye kikao chochote watu wa Mlimani hukaa upande wa mlima na watu wa Bondeni upande wa bonde, kila mtu amekipa mgongo kitongoji chake, na hakuna anayemwambia mwenzake asogee. Walipouweka ubao, ncha aliyozoea kukaa baba ikaangukia upande wa mlima. Haikuwa hila ya mtu.

Mlimani walinichagua mimi, kwa sababu nilikuwa nimeolewa huko na nilikulia kwenye karakana. Bondeni walimchagua Namkunda, msuka vikapu, rafiki yangu tangu utotoni. Watu wakaona ni haki tupu: fundi ni wa Bondeni, binti yake anachezea Mlimani, nani atapendelewa?

Wiki ya kwanza nilishinda. Ya pili nikashinda. Ya tatu nikashinda kwa alama nyingi mno, watu wa kwangu wakanibeba juu. Mume wangu Sifaeli alizoea kuniita fundi. Nikaota kiburi, wajukuu zangu, na sikukiona kinavyoota. Ningepaswa kujiuliza swali moja tu. Tulipokuwa wasichana, tukirusha vijiwe vya mdako, Namkunda alinishinda kila siku ya Mungu. Vidole vyake vilikuwa bora kuliko vyangu. Imekuwaje sasa anashindwa?

Yeye alijiuliza. Wiki ya nne tulikutana njiani akaniambia taratibu, "Naetwe, vile vishimo havinipokei. Gololi inaingia, halafu inatoka."

Nikamjibu kwamba anayeshindwa hakosi sababu. Alinitazama, akajitwika kikapu chake, akaenda. Baba naye, watu walipomuuliza, aliwajibu hivi: "Ubao huo nimeupima. Haumjui mwenyeji wala mgeni." Alikuwa mtu mkweli na aliamini kila neno alilolisema, kwa hiyo wote wakamwamini.

Jua la mwaka ule lilikuwa kali. Shambani kwangu mahindi yalisimama mabichi, yakaanza kubeba. Bondeni majani yalijikunja. Ndipo yakaanza maneno mabaya. Wakasema Namkunda ameuza maji yao kwa rafiki yake. Mama mkwe wake akaacha kula chakula alichokipika. Akienda kisimani, wanawake walinyamaza mpaka aondoke. Mume wake alimwambia kwamba akishindwa tena, arudi kwa wazazi wake, awaache watoto. Hayo niliyasikia yote. Yaliniuma, lakini hayakuniuma kiasi cha kunifanya nipunguze nguvu ya kidole.

Wiki ya saba, asubuhi, banda lilijaa. Baba alikuwa amekaa pembeni kama mwamuzi. Namkunda aliingia akiwa amefunga khanga kiunoni, amekonda. Hakwenda kwenye kiti chake. Alikwenda mbele ya baba, akapiga goti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Nina ombi moja. Sina lawama na ubao wako wala sina lawama na mtu. Naomba leo nikae pale anapokaa Naetwe, naye akae pale ninapokaa mimi."

Mwenyekiti wa ndiva akaingilia. "Mama, watu wa Bondeni hukaa upande wa bonde. Ndivyo tulivyokuta."

"Najua, mwenyekiti. Ni leo tu."

Watu wakaanza kunong'ona. Baba akanigeukia mimi. "Naetwe, unasemaje?"

Ningeweza kukataa. Kiburi ndicho kilichokubali, si wema. "Mwacheni akae," nikasema. "Ninayecheza ni mimi, si kiti."

Tukabadilishana. Nikachukua gololi ya kwanza, nikaisukuma kama nilivyoizoea. Ilikwenda sawasawa mpaka kwenye kishimo cha kati, ikaruka ukingo, ikapita. Ya pili nikaipunguzia mwendo. Ikaingia, ikapanda upande wa pili, ikatoka polepole mbele ya macho yangu. Ya tatu vilevile. Nilipomaliza zote sita, moja tu ilikuwa imetulia, tena kwenye kishimo cha pembeni. Namkunda akasukuma zake. Tano zikakaa. Bondeni wakapiga vigelegele wakidhani ni bahati imewarudia.

Mimi ni mtoto wa seremala. Walipokuwa wakishangilia, nilijifanya kufuta vumbi, nikapitisha kidole ndani ya kishimo. Upande uliokuwa karibu nami ulikatwa wima, mkali. Upande wa mbali ulikuwa mteremko laini. Nikaelewa palepale. Baba alisimama ncha ile ya mlima, akisukuma patasi kwenda mbele, na patasi huingia taratibu na kuishia kwa ukuta. Kwa aliyekaa alipokaa fundi, kila kishimo kilikuwa mlango ulio wazi. Kwa aliyekaa huku, gololi iliruka ukuta, au ikaingia na kupanda mteremko ikatoka. Msasa ulikuwa umeficha tofauti hiyo machoni, lakini kidole hakifichwi. Wiki sita sikuwa nimemshinda Namkunda. Tulikuwa tukicheza michezo miwili tofauti juu ya ubao mmoja.

Baba alikuwa amesikia mlio wa gololi. Masikio yake yaliujua ubao ule.

"Naetwe," akaniita, "kuna nini hapo?"

Sasa sikilizeni, kwa sababu wanaoisimulia hadithi hii hulipita jambo hili. Mahindi yangu yalihitaji maji mara mbili tu yakomae. Wiki ijayo ningerudi kwenye kiti changu. Nikamtazama baba yangu machoni, nikasema, "Hakuna kitu, baba. Mkono umechoka."

Baba aliinuka kwa taabu na ule mguu wake, akauzunguka ubao akijishikilia ukingoni, mpaka akafika nilipokaa. Nikampisha. Akakaa. Tangu aupasue mti ule kwa msumeno mpaka siku hiyo, hakuwahi kukaa ncha ile. Akasukuma gololi moja, ikatoka. Akasukuma ya pili, ikatoka. Ya tatu hakuisukuma. Aliweka dole gumba kwenye kishimo cha kati, akalizungusha taratibu.

"Nimekata vibaya," akasema.

Mwenyekiti akajaribu kumsaidia. "Fundi, wewe uliupima..."

"Niliupima nikiwa kule." Akaonyesha upande wa mlima. "Wiki zote hizi nimeusifu ubao, na sijakaa upande huu hata siku moja. Bondeni hawakushindwa. Wameonewa na mkono wangu." Kisha akamgeukia Namkunda, mtu mzima kama yule, akavua kofia. "Mwanangu, walisema umetuuza. Mimi niliwasikia nikanyamaza, kwa sababu niliamini kazi yangu kuliko nilivyokuamini wewe. Nisamehe."

Namkunda alijifunika uso kwa khanga akalia, na wale waliokuwa wakimnyamazia kisimani hawakujua pa kutazama.

Wazee waliamua palepale. Msimu wote uliobaki Bondeni watangulie. Baba achonge vishimo upya, na tangu hapo wachezaji wabadilishane ncha kila wanapofika nusu ya mchezo. Desturi hiyo ilifuatwa mpaka serikali ilipoleta mabomba. Kila mtu aliporingia jambo linalomfaa yeye, mwenzake alimkumbusha maneno ya fundi, na maneno yakafupishwa mpaka yakawa hayo mliyoyasikia.

Lakini maji yaliwafikia Bondeni yamechelewa. Mahindi yao yalikuwa yamenyauka kabla ya kubeba, wakakata mabua wakawalisha ng'ombe. Sisi tulivuna. Si sana, lakini tulivuna, nikala nikashiba.

Baada ya mavuno nilijaza debe la mahindi nikampelekea Namkunda. Nilimkuta uani akisuka. Hakuacha kusuka.

"Siku ile ulipotia kidole kishimoni," akaniuliza, "ulijua?"

"Nilijua."

"Na baba yako alipokuuliza?"

"Nilisema mkono umechoka."

Aliyapokea mahindi, kwa kuwa watoto wake walikuwa na njaa, akanirudishia debe langu tupu. Hakunikaribisha ndani. Tuliishi baada ya hapo miaka thelathini na moja, tukisalimiana vizuri, tukizikiana na kuozeshana watoto, na hakuwahi kunikaribisha ndani mpaka alipozikwa.

Watu wakiitaja methali hii humsifu baba yangu, fundi aliyekubali kosa lake mbele ya kijiji, na ni haki yake. Yeye hakuwa amekaa upande wa pili; alipokaa, alisema. Mimi nilikaa, nikaona, kisha nikatamani kurudi upande wangu. Hilo linanichoma hadi leo, na ndiyo sababu sikucheka na nyinyi jana. Mkiona jambo limewanyookea, kabla hamjaanza kulisifia, inukeni mwende mkakae anapokaa yule ambaye halimnyookei, na mtakachokiona huko mkiseme. Usiusifu ubao, hujakaa upande wa pili.